Vituo vinane njiani: uchambuzi wa safari moja ya familia yenye watoto wadogo

Familia tunayoichambua hapa ni ya mfano, ila yeyote aliyewahi kufunga mikanda ya watoto watatu asubuhi ataitambua. Baba ndiye dereva. Mama ana leseni na anaendesha vizuri, lakini siku hiyo alikaa nyuma. Mtoto wa kwanza ana miaka 6, na kichefuchefu cha gari ni rafiki yake wa zamani. Wa kati ana miaka 3, ameacha nepi mwezi uliopita. Kitindamimba ana miezi 5, ananyonya. Safari ni ya kilomita 420 kwenda kwa bibi, na kwa hesabu ya baba ni mwendo wa saa 6 hivi, pamoja na kusimama mara moja kwa nusu saa kula na kujaza mafuta. Bibi akaambiwa kwa simu: "Mama, tunatoka saa 12 kamili, saa 6 na nusu mchana tumeshafika."

Waliondoka saa 12:50 na kufika saa 9:47 alasiri. Gari lilitembea kwa saa 6 na dakika 10, ambazo hazipishani sana na makisio ya baba. Muda mwingine, saa 2 na dakika 47, ulikwenda kwenye vituo. Badala ya kimoja vilikuwa vinane.

Ukimsikiliza baba, tatizo ni kwamba walisimama mno. Mimi nasema walisimama vibaya. Ukivipitia vituo vile kimoja baada ya kingine, utaona karibu kila kimoja kilimhudumia mtu mmoja tu, wengine wakabaki wamefungwa mikanda wakingoja zamu yao ya kulia.

Mfuatano wenyewe

Cha kwanza kilikuwa saa 1:25, dakika 35 tu tangu waondoke. Wa kati anataka kukojoa. Dakika 10.

Saa 2:20 wa kwanza akasema tumbo linamsumbua. Alikuwa anatazama katuni kwenye simu. Baba akajibu, "Vumilia kidogo baba, tunakaribia pazuri." Saa 2:35 akatapika. Wakasimama hapo hapo, ukingoni mwa barabara, karibu na kona. Dakika 25 za kupangusa na kubadilisha nguo.

Saa 3:50 kitindamimba akaanza kulia kilio kile kisichobembelezeka. Mama akamtoa, akamnyonyesha, akambadilisha nepi. Dakika 20. Wakubwa wake wawili walibaki vitini.

Saa 4:40, wa kati tena, haja ndogo. Dakika 12.

Saa 5:30, mafuta. Mama akampeleka wa kati chooni kwa kuwa choo kilikuwa hapo hapo. Baba akaingia ndani kulipa, akakuta watu mbele yake. Wa kwanza na kitindamimba walikuwa wamelala, wakaachwa garini. Dakika 15.

Saa 6:10, chakula. Waliketi mezani dakika 50. Kitindamimba aliingizwa na kiti chake, kikawekwa juu ya meza, akaendelea kulala mpaka mwishoni ndipo akaamka na kunyonyeshwa haraka haraka.

Saa 7:25, wa kati, safari hii haja kubwa. Dakika 15.

Halafu ukaja ukimya. Watoto wote watatu wamelala. Mama akanong'ona, "Usisimame, utawaamsha." Baba hakusimama. Saa 9:05 tairi za kushoto zikagusa changarawe ya ukingoni, mama akapiga kelele, gari likarudi barabarani. Wakasimama dakika 20, kisha wakamalizia dakika 22 zilizobaki bila mtu kusema neno.

Gharama isiyohesabiwa

Tuanze na kituo cha nne, kwa sababu ndicho kinachofundisha zaidi ingawa hakuna lolote la kutisha lililotokea. Mtoto wa miaka 3 hukojoa kwa muda usiozidi dakika moja. Kituo kilichukua dakika 12. Nyingine 11 zilikwenda wapi? Kupunguza mwendo na kutafuta pa kuegesha. Kufungua mkanda. Kutafuta kiatu kilichovuliwa na kusukumwa chini ya kiti cha mbele. Kutembea, kungoja, kunawa mikono. Kurudi, kukaza mkanda upya na kukagua kama umelala vizuri begani, kumtuliza wa kwanza aliyeuliza kwa nini yeye hakushuka, kurudi barabarani.

Hii ni gharama ya kudumu. Hulipwa kila unaposimama, uwe umesimama kwa ajili ya mtu mmoja au watano, na kwa watoto watatu wa umri huu hukaribia dakika 10 kila mara. Familia hii iliilipa mara nane. Zaidi ya saa nzima katika zile saa 2 na dakika 47 haikumlisha mtu, haikumpumzisha mtu, wala haikumnyoosha mtu miguu.

Sasa angalia kituo cha tatu, dakika 50 kabla ya hicho cha nne. Gari limesimama, injini imezimwa, mama ananyonyesha. Baba ana dakika 20 mkononi. Wa kati yuko nyuma yake na kibofu chake kimeanza kujaa. Hakuna aliyemshusha. Baba alimuuliza bila kugeuka, "Unataka kukojoa?" Akajibu hapana. Mtoto wa miaka 3 ukimuuliza hivyo atajibu hapana, hasa akiwa amenogewa na kitu kingine, na wala hadanganyi: wakati ule hakuisikia haja. Aliyeacha nepi juzijuzi huisikia haja ikiwa imeshafika mlangoni, na huwa na dakika chache tu mkononi.

Kuna kanuni ya makadirio inayotumiwa na madaktari wa watoto: chukua umri wa mtoto kwa miaka, ongeza 2, zidisha kwa mililita 30. Kwa mtoto wa miaka 3 unapata kama mililita 150. Huyu alikunywa kikombe kizima cha maziwa wakati mizigo inapakiwa, na kikombe cha kawaida kina zaidi ya mililita 200. Kituo cha kwanza, kile cha dakika 35, kilipangwa jikoni nyumbani. Dawa yake wala si kumnyima mtoto maji, maana siku ya joto ni kosa kubwa zaidi. Mgawie kidogo kidogo njiani, na gari likisimama asiulizwe mtu. Wote wanakwenda chooni, baba na mama wakiwa wa kwanza. Mtoto anayeona watu wazima wanakwenda huenda nao bila mjadala. Poti ndogo kwenye buti huokoa mengi pia, maana vyoo vya njiani vina sauti kubwa na matundu mapana, na kuna watoto wanaogoma kabisa kuvikalia hata wakiwa wamebanwa.

Dakika kumi na tano za onyo

Kichefuchefu cha gari hutokea ubongo unapopokea habari mbili zinazopingana. Sikio la ndani linasema tunakwenda, tunapinda, tunapunguza mwendo. Macho yaliyokaza kwenye simu yanasema tumetulia. Watoto chini ya miaka 2 ni nadra kusumbuliwa. Tatizo hushika kasi baada ya hapo na huonekana zaidi kwa walio katika umri wa kuanza shule, kisha wengi hupona wenyewe kadiri wanavyokua. Wa kwanza wetu, na miaka yake 6, yuko pale pale panapotarajiwa, na alipewa simu aitazame kwenye barabara yenye kona.

Mwili ulitoa taarifa mapema. Kabla ya kusema "tumbo", mama alikumbuka baadaye, mtoto alipiga miayo mara kadhaa, akanyamaza, akaacha kucheka katuni. Uso ulikuwa umepauka. Miayo, ukimya, jasho jembamba na mate kujaa mdomoni ndizo dalili za awali, na kati yake na kutapika mara nyingi kuna nafasi ya kufanya kitu. Zile dakika 15 kati ya saa 2:20 na 2:35 zilikuwa nafasi hiyo. Zilitumika kuvumilia.

Kilichotakiwa ni rahisi: simu izimwe, dirisha lifunguliwe, mtoto aelekezwe kutazama mbali mbele, na gari lisimame mahali pa kwanza palipo salama, mtoto ashuke avute hewa na atembee. Kituo cha aina hiyo huchukua dakika 10, chini ya nusu ya muda wa kusafisha kiti. Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo, lakini nyingi hulewesha usingizi na kwa baadhi ya watoto huleta kinyume chake, mtoto akachangamka kupita kiasi. Hilo ni la kumuuliza daktari au mfamasia kabla ya siku ya safari. Kuokota kidonge cha mtu mzima na kukikata nusu si jibu.

Lakini kosa zito la kituo cha pili halikuwa la tumbo. Lilikuwa pale waliposimama. Ukingo wa barabara kuu, karibu na kona, ni mahali pabaya kuliko pote pa kufungua milango ya gari lenye watoto. Magari yanapita kwa kasi, dereva anayetoka konani hana muda wa kukuona, na mtoto mwenye kichefuchefu hashuki kwa utulivu. Kama mtoto ameshatapika, anapumua vizuri na kichwa chake kiko wima, nguo chafu zinaweza kusubiri dakika 5 za mwendo wa pole hadi kwenye kituo cha mafuta au njia ya kuingilia sehemu tulivu. Mfuko au chombo chenye mfuniko huwekwa miguuni mwa mtoto tangu mwanzo, wala haufai kitu ukiwa chini ya masanduku. Na ikibidi kweli kusimama ukingoni, taa za tahadhari ziwashwe, watu wote washukie mlango ulio mbali na magari, na wakae mbali na barabara, ng'ambo ya kizuizi kama kipo. Mtu mzima mmoja ashike mikono, mwingine ashughulike na uchafu.

Kichanga aliyelala si kichanga aliyepumzika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa macho kitindamimba ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wote, na kwa hesabu ndiye aliyetendewa vibaya kuliko wote.

Alifungwa kitini saa 12:50. Gari lilisimama mara mbili kabla ya saa 3:50, na mara zote mbili aliachwa alivyo kwa kuwa amelala. Hizo ni saa 3 kamili. Alirudishwa saa 4:10, akabaki mle kwenye kituo cha nne, cha tano, na hata ndani ya ukumbi wa kulia chakula, mpaka kama saa 6:45. Saa 2 na nusu nyingine.

Kiti cha gari kimetengenezwa kumlinda mtoto gari likigonga, na kwa kazi hiyo hakina mbadala. Hakikutengenezwa kuwa kitanda. Mtoto mchanga hukaa humo nusu ameketi nusu amelala, kichwa chake ni kizito kuliko misuli ya shingo, na usingizi ukikolea kidevu huweza kuangukia kifuani na kubana njia ya hewa. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa watoto wanashauri kichanga asikae kitini zaidi ya saa 2 mfululizo, na kwa wale wa wiki za mwanzo, hasa waliozaliwa kabla ya siku zao, muda hufupishwa sana, hata nusu saa. Kumhamisha mtoto pamoja na kiti kutoka garini kwenda mezani hakukatishi hesabu hiyo. Na kiti kilichowekwa juu ya meza kinaweza kuanguka. Kama ni lazima kiwekwe, kiwekwe sakafuni.

Kumtoa maana yake ni kumlaza chali au kifudifudi akiwa macho, juu ya blanketi, mahali tambarare penye kivuli, apige mateke. Dakika 15 hadi 20 za hivyo, pamoja na nepi kavu na kunyonya bila haraka, humpa mama saa nyingine ya utulivu kuliko kumpa titi anayelia huku baba anatazama saa. Kunyonyesha gari likiwa linatembea, mtoto akiwa nje ya mkanda, hakujadiliwi. Anayelia sana njiani analia akiwa amefungwa mpaka gari lisimame.

Kituo cha mafuta

Nitasema kwa kifupi. Kwa dakika zisizojulikana idadi, watoto wawili walikuwa peke yao ndani ya gari lililofungwa, karibu na saa 6 mchana. Hakuna aliyedhurika, na pengine ndiyo sababu baba na mama hawakulitaja jambo hili walipokuwa wanaorodhesha makosa ya siku.

Joto ndani ya gari lililoegeshwa juani hupanda kama nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10, na sehemu kubwa ya kupanda huko hutokea katika nusu saa ya mwanzo. Siku ya kawaida, ya nyuzi 22 tu nje, ndani hupita nyuzi 40 kabla ya saa moja kwisha. Kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara 3 hadi 5 kwa kasi kuliko wa mtu mzima, naye hawezi kufungua mkanda wake. "Naingia kulipa tu" hugeuka foleni ya watu sita na mashine iliyogoma. Mtu mzima mmoja hubaki garini, au wote wanashuka. Wa kati angeweza kungoja baba arudi. Kwa kuwa alikuwa amekojoa dakika 38 tu kabla, hata haraka yenyewe haikuwepo.

Meza ya saa sita mchana

Dakika 50 za chakula zingeweza kuwa kituo bora kuliko vyote. Palikuwa na choo, kivuli, maji na uwanja nyuma ya jengo. Watoto waliokuwa wameketi tangu alfajiri wakashushwa na kuambiwa waketi. Wa kwanza alimwaga kinywaji, wa kati alitambaa chini ya meza, mama akachoka kugombeza.

Kwa wazazi wanaosafiri na watoto wadogo, mpangilio huu ndio ningeupigania kuliko ushauri mwingine wote: choo kwanza, kisha kukimbia, kisha kula, kisha choo tena. Kukimbia kunatangulia chakula kwa sababu mbili. Mtoto aliyekwisha kuruka hukaa mezani na kula. Na mwenye kichefuchefu akikimbia baada ya kula, halafu akaingizwa garini, unajitafutia nguo nyingine ya kubadilisha.

Choo cha mwisho nacho kina sababu ya kimwili. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamshwa usogeze kilichomo, na kwa watoto wadogo mwitikio huo ni mkali. Haja kubwa huja ndani ya nusu saa baada ya mlo. Waliondoka mezani saa 7 kamili, wa kati akataka haja kubwa saa 7:25. Angeruhusiwa kumaliza kula mapema, akakalishwa chooni bila kuharakishwa huku wengine wakimalizia, kituo cha saba kisingekuwepo. Nasema hivyo kwa uhakika kiasi tu. Watoto wa miaka 3 wana uhuru wao.

Ukimya wa saa nane

Kila mzazi dereva anaujua mtego huu. Watoto wamelala wote kwa pamoja, jambo ambalo nyumbani halitokei, na barabara iko wazi. Kusimama kunaonekana ni uhaini.

Lakini mtazame dereva. Aliamka saa 10 usiku kupakia mizigo. Ameendesha yeye peke yake tangu saa 12:50, na katika vituo saba hakupumzika hata kimoja: alikuwa akipangusa, akilipa, akibeba. Ameshakula mlo mzito. Na saa ya mwili wa binadamu ina bonde la usingizi mchana, takriban kati ya saa 8 na saa 10, hata kwa mtu aliyelala vya kutosha. Kijitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza kinamshauri dereva apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa 2. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, dereva wa lori hulazimika kupumzika dakika 45 akishaendesha saa 4 na nusu, na yeye hana mtoto anayetapika nyuma yake.

Kusinzia kwa sekunde 3 ukiwa kwenye kilomita 90 kwa saa ni mita 75 ambazo gari linakwenda bila dereva. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Kinachosaidia ni kulala dakika 15 hadi 20, au kinywaji chenye kafeini, ambacho huhitaji kama nusu saa kufanya kazi. Wengine hunywa kwanza kisha hulala, waamke kafeini ikiwa imefika. Na hapa palikuwa na suluhisho ambalo halikugharimu kitu: mama alikuwa na leseni. Alikaa nyuma siku nzima kwa kuwa ndivyo walivyozoea. Baada ya kitindamimba kunyonya saa 6:45, hakuna sababu iliyomzuia kushika usukani.

Nikiulizwa kosa gani lilizaa mengine, nitataja simu ya usiku ule kwa bibi. Ile "saa 6 na nusu" ndiyo iliyosema "vumilia kidogo baba". Ndiyo iliyowaacha wakubwa vitini kwenye kituo cha tatu, ndiyo iliyomtuma baba kulipa mafuta mbio mbio. Bibi naye, kwa mapenzi yake, alipiga simu kila baada ya muda: "Mwanangu, mmefika wapi?" Kila simu ikawa inakaza kamba.

Safari ya kurudi

Waliporudi walifanya mambo kwa namna nyingine. Hawakumwahidi mtu saa ya kufika. Mizigo ilipakiwa jioni ya kuamkia safari. Waliondoka saa 3:15 asubuhi, watu wamelala usingizi wa kutosha, na mama alikwishachagua kwenye ramani sehemu tatu za kusimama, kila moja ikiwa na choo, kivuli, na eneo la kukimbilia lililo mbali na magari. Begi la vituo lilikaa karibu na mlango: nepi, nguo jozi moja kwa kila mtoto, taulo za kupangusia, mifuko, maji, blanketi.

Walisimama saa 4:30 kwa dakika 25, saa 6:40 kwa dakika 55, na saa 9:15 kwa dakika 35. Kila mara watu wote walishuka. Mama aliendesha kuanzia kituo cha pili. Hakuna aliyetapika. Palikuwa na usumbufu: kwenye kituo cha pili wa kwanza aligoma kurudi garini mpaka alipopewa kazi ya kuhesabu watu na kuhakikisha milango imefungwa, kazi aliyoifanya kwa ukali wa kondakta. Kuwaonya dakika 5 kabla ya kuondoka, kisha dakika 2, kulisaidia kwa mmoja na hakukusaidia kwa mwingine.

Walifika saa 11:45 jioni, yaani saa 8 na nusu. Ukilinganisha na safari ya kwenda waliokoa dakika 27, na kama ningekuwa nauza mbinu hizi ningeona aibu kuitaja namba hiyo. Vituo vizuri havifupishi safari ndefu ya watoto wadogo kwa kiasi cha kujivunia. Kwa umri huu, mwendo wa saa 6 ni safari ya saa 8 na zaidi, na anayepanga chini ya hapo anajidanganya.

Limebaki jambo moja ambalo wazazi hawa bado wanabishana. Saa 9:15, walipofika kwenye kituo cha tatu, watoto wote walikuwa wamelala. Baba, safari hii yeye ndiye abiria, alisema wapite. Mama alisimama na kuwashusha wote. Wa kati aliamka amenuna, akalia, akakataa choo katakata. Saa 10:35, kwenye foleni fupi, akajikojolea kitini, na dakika 25 zikaondoka kwa kusafisha. Baba anasema hilo ni jibu tosha.

Nadhani mama alikuwa sahihi kusimama. Kitindamimba alikuwa kitini kwa saa 1 na dakika 40, na sehemu nyingine salama kwenye ramani ilikuwa zaidi ya saa moja mbele. Wangepita, angekaribia saa 3 kama siku ile ya kwanza. Lakini kanuni ya "wote wanashuka" ilitungwa kwa ajili ya watoto walio macho. Palikuwa na watu wazima wawili. Mmoja angemtoa kichanga na kumlaza kwenye blanketi hapo hapo kivulini kando ya gari, mwingine angebaki ndani na waliolala, milango ikiwa wazi. Wa kati angeamka mwenyewe mbele ya safari, ambapo poti ingekuwa karibu kuliko choo chochote, kama tu isingekuwa imefunikwa na masanduku kwenye buti.